Namna ya Kuusoma Mkataba wa Mayflower wa Mwaka 1620

Mkataba wa Mayflower una maneno yapatayo 200 tu kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo msomaji huumaliza haraka, akakumbuka kwamba ndani yake walowezi wa Kiingereza waliokwenda Amerika kwa meli ya Mayflower waliafikiana kujitawala kwa sheria za pamoja, kisha akaufunga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu, au mtu yeyote anayetaka kuusoma kama hati ya kisheria iliyotungwa na watu waliobanwa na tatizo la siku ile ile. Hoja yangu ni kwamba hati ya namna hii haieleweki kwa kuitazama yenyewe peke yake. Msomaji hana budi kuuliza ilikusudiwa kuziba pengo gani, ni nani hawakuhesabiwa katika maafikiano hayo, na waliotia saini waliitumiaje walipoanza kukosana.

Anza na kibali kilichopoteza nguvu

Kabla ya kufungua maandishi yenyewe, jifunze kwanza kwa nini yalihitajika. Mwaka 1620 Mwingereza hakuweza kwenda ng'ambo na kuanzisha makazi kwa hiari yake tu. Alihitaji hati ya kibali kutoka kwa kampuni iliyopewa mamlaka na mfalme. Abiria wa Mayflower walikuwa na kibali cha Kampuni ya Virginia, na walikusudia kukaa karibu na mlango wa Mto Hudson, eneo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa sehemu ya kaskazini ya Virginia. Waliondoka Plymouth, Uingereza, tarehe 6 Septemba, na tarehe 9 Novemba wakaiona nchi kavu ya Cape Cod, mbali kaskazini mwa mahali walipokusudia. Walijaribu kugeuza chombo kuelekea kusini, lakini mafungu ya mchanga na mawimbi yaliyokuwa yakiumuka juu yake yaliwatia hofu, wakarudi nyuma, na tarehe 11 Novemba wakatia nanga katika bandari ambayo leo ni ya mji wa Provincetown. Hapo walikuwa nje ya mipaka ya kibali chao.

William Bradford, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni hilo kwa miaka mingi, ameeleza katika kumbukumbu zake nini kilifuata. Anasema baadhi ya wale aliowaita wageni walikuwa wakitoa maneno ya manung'uniko na uasi melini: kwamba wakishuka pwani watatumia uhuru wao wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwaamuru, maana kibali kilikuwa cha Virginia na wala si cha New England, yaani eneo la kaskazini walikokuwa wamefika. Ili umwelewe Bradford, ni lazima ujue kwamba melini hakukuwa na kundi moja tu. Walikuwamo waumini waliojitenga na Kanisa la Uingereza, ambao wengi wao walikuwa wameishi Leiden, Uholanzi, kwa zaidi ya miaka 10. Na walikuwamo watu wengine, ndio hao aliowaita wageni: mafundi, familia na watumishi, ambao wafanyabiashara wa London waliogharamia safari ndio waliosaidia kuwapata. Angalia kwamba Bradford anasema baadhi ya wageni, si wageni wote. Vitabu vingi vya shule huligeuza jambo hili kuwa ugomvi kati ya wacha Mungu na wakorofi, na kwa kufanya hivyo huficha kwamba waliokuwa wakinung'unika walikuwa na hoja ya kisheria iliyo sahihi kabisa.

Hoja hiyo haikuwa mpya. Mmoja wa abiria, Stephen Hopkins, anakubaliwa na wanahistoria wengi kuwa ndiye yule Stephen Hopkins aliyekuwa katika meli ya Sea Venture, iliyovunjika Bermuda mwaka 1609 ikielekea Virginia. Kule Bermuda alidai kwamba mamlaka ya gavana yalikoma meli ilipovunjika, na kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumtii. Alihukumiwa kifo kwa kosa la uasi, akaomba kusamehewa na akasamehewa. Miaka 11 baadaye mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba uliotungwa kwa sababu hoja ya aina ile ile ilikuwa imezuka tena.

Lakini usidhani kwamba wazo zima lilizaliwa na hofu ya siku moja. John Robinson, mchungaji wa waumini wa Leiden, aliyebaki Uholanzi, aliwaandikia barua ya kuwaaga iliyosomwa kabla ya kuondoka Uingereza. Ndani yake aliwakumbusha kwamba sasa wanakuwa jumuiya yenye serikali ya kiraia, kwamba miongoni mwao hamna mtu wa cheo kikubwa kupita wengine, na kwamba wanapaswa kuwachagua watu wanaopenda manufaa ya wote, kisha wawape heshima na utii unaostahili. Zaidi ya hayo, waumini hao walikuwa na mazoea ya kuunda kanisa kwa agano la hiari kati ya mtu na mtu mbele ya Mungu. Mkataba wa Mayflower uliyachukua mazoea ya kanisa na kuyaweka katika mambo ya kiraia, na jambo hilo linaonekana katika lugha yake tangu mstari wa kwanza.

Soma maandishi yote, kisha rudia kwa kituo

Kiini cha mkataba, kwa tafsiri yangu, ni hiki: “Kwa jina la Mungu, Amina. Sisi ambao majina yetu yameandikwa hapa chini, raia watiifu wa Mfalme wetu James anayeogopwa, tukiwa tumeianza safari ya kupanda koloni la kwanza katika sehemu za kaskazini za Virginia, kwa utukufu wa Mungu, kwa kuieneza imani ya Kikristo, na kwa heshima ya mfalme na nchi yetu, kwa hati hii, mbele ya Mungu na mbele ya kila mmoja wetu, tunafanya agano na kujiunganisha pamoja kuwa jumuiya moja ya kiraia, kwa ajili ya utaratibu wetu bora na usalama wetu. Na kwa nguvu ya agano hili tutatunga sheria, amri, katiba na vyeo vya haki na vya usawa, kadiri ya wakati, kama itakavyoonekana kufaa zaidi kwa manufaa ya koloni lote. Na kwa hayo tunaahidi unyenyekevu na utii wote unaopasa.”

Katika usomaji wa pili, simama kwanza kwenye jina la mfalme. Hakuna tangazo la uhuru hapa. Watu hawa walijiita raia watiifu, na walitarajia kupata kibali kingine kutoka Uingereza. Kwa kweli kililetwa mwaka uliofuata, 1621, kutoka kwa Baraza la New England. Bradford mwenyewe anasema walikusudia tendo lao liwe imara kama kibali chochote, na kwa namna fulani liwe la uhakika zaidi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba walianza kuuona ukubali wa watawaliwa wenyewe kuwa chanzo cha mamlaka chenye nguvu ya kuweza kulinganishwa na karatasi ya kampuni.

Kisha uliza nini hakimo. Hamna orodha ya haki za mtu. Hamna utaratibu wa uchaguzi, wala muda wa kukaa madarakani, wala adhabu, wala kodi, wala mahakama. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba hii ilikuwa katiba atapata shida wakimwomba awaonyeshe kifungu kimoja tu kinachogawa madaraka. Kilichomo ni ahadi ya kutii sheria ambazo bado hazijatungwa, pamoja na masharti mawili: ziwe za haki na za usawa, na zilenge manufaa ya koloni lote. Ahadi ya namna hiyo ni nzito kuliko kukubali sheria unazoziona mbele yako. Mtu aliyetia saini alikuwa akikubali kufungwa na uamuzi wa wenzake hata pale ambapo yeye mwenyewe angeshindwa katika shauri. Nadhani hapa ndipo msomaji anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Yatengeneze mambo ya tarehe na nakala

Hatua hii ni fupi lakini huokoa mkanganyiko mwingi. Utakuta vitabu vingine vikisema mkataba ulitiwa saini tarehe 11 Novemba na vingine tarehe 21 Novemba 1620. Zote mbili ni siku moja. Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 ya kalenda ya Gregori, na haikubadilisha mpaka mwaka 1752. Chagua kalenda moja na uitumie mpaka mwisho. Katika mwongozo huu natumia ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyo katika maandishi ya wakati huo.

Hati ya asili yenye saini imepotea. Tulicho nacho ni maandishi yaliyochapishwa London mwaka 1622 katika masimulizi ya walowezi wenyewe, nakala katika kumbukumbu za Bradford, na kitabu cha Nathaniel Morton cha mwaka 1669, ambacho ndicho kilichochapisha kwa mara ya kwanza orodha ya majina 41. Kwa hiyo unaposema fulani alitia saini, fahamu kwamba unamtegemea Morton, aliyeandika karibu miaka 50 baadaye. Hata jina “Mkataba wa Mayflower” si lao; lilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 18.

Hesabu majina, kisha wahesabu wasiokuwamo

Meli ilikuwa na abiria 102, na waliotia saini ni wanaume 41. Wanawake watu wazima 18 hawakutia saini hata mmoja, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimhesabu mume kuwa msemaji wa mke na wa nyumba yake. Watoto hawakuhesabiwa. Miongoni mwa watumishi, baadhi walitia saini na wengine hawakutia. John Howland, mtumishi wa John Carver, yumo. Edward Doty na Edward Leister, watumishi wa Hopkins, nao wamo. Usipite hapa upesi. Katika nchi ambayo mtumishi hakuwa na sauti yoyote katika mambo ya serikali, watumishi hawa waliombwa kuahidi utii kwa majina yao wenyewe. Unaweza kuliona jambo hilo kuwa heshima, na unaweza pia kuliona kuwa tahadhari, kwa sababu kijana mwenye nguvu asiyefungwa na ahadi yoyote angeweza kuwa hatari mara tu akishuka pwani. Mimi naona ni yote mawili, na sioni sababu ya kumlazimisha msomaji achague moja.

Ongeza na hesabu ya vifo. Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya abiria, na wanawake walikufa kwa wingi zaidi. Kufikia masika ya mwaka 1621, jumuiya iliyojiunda kwa mkataba ule ilikuwa imebaki na sehemu tu ya wale walioiunda, na waliobaki iliwabidi waishi kwa ahadi ambayo wengi walioitoa walikuwa kaburini.

Ufuate mkataba mpaka kwenye makosa ya kwanza

Hapa ndipo wasomaji wengi huacha, na hapa ndipo penye utajiri. Baada ya saini, anasema Bradford, walimchagua, au tuseme walimthibitisha, John Carver kuwa gavana wao wa mwaka huo. Kusita huko katika sentensi kunaeleza mengi: huenda Carver alikuwa tayari na cheo melini, na ukubali wa jumuiya ndio uliokipa cheo hicho nguvu mpya. Carver alifariki katika Aprili 1621, na Bradford akachaguliwa kushika nafasi yake. Uongozi ulihama kutoka kwa maiti kwenda kwa aliye hai bila amri kutoka London, na hiyo ndiyo ithibati ya kwanza kwamba mkataba ulikuwa ukifanya kazi.

Mwezi Februari 1621 walikutana kuweka utaratibu wa ulinzi, wakamteua Myles Standish kuwa kapteni. Mwezi Machi John Billington, mmoja wa waliotia saini, alishtakiwa kwa kudharau amri halali ya kapteni na kumtolea maneno ya matusi. Aliletwa mbele ya kundi lote, akahukumiwa kufungwa shingo na visigino pamoja. Alipojinyenyekeza na kuomba radhi, na kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza, akasamehewa. Mwezi Juni Doty na Leister walipigana kwa upanga na jambia, wakahukumiwa kufungwa kichwa na miguu kwa saa 24 bila chakula wala maji. Maumivu yao yalipowazidi, kabla ya saa moja kuisha, walifunguliwa baada ya kuomba na kuahidi mwenendo bora. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, utaona sheria ya jumuiya ndogo ikifanya kazi: hukumu inatolewa hadharani na kwa ukali, kisha mkosaji anarudishwa haraka mahali pake, kwa kuwa koloni lililobaki na watu wapatao 50 halikuweza kumpoteza mtu mwenye mikono ya kazi.

Sheria zilizoandikwa zilikuja polepole. Mwezi Desemba 1623 waliamua kwamba makosa ya jinai na madai ya madeni yaamuliwe na watu 12 waliokula kiapo, kama ilivyokuwa desturi Uingereza. Mwaka 1636 ndipo walipokusanya sheria zao pamoja, na katika utangulizi wake waliurejea mkataba wa meli kuwa mmoja wa misingi ya mamlaka yao, wakatamka kwamba sheria wala tozo lolote lisiwekwe juu yao ila kwa ukubali. Miaka 16 ilikuwa imepita kati ya ahadi na mkusanyo wa sheria.

Mrudie Billington mara ya mwisho. Mwaka 1630 alimpiga risasi mtu na kumuua, akahukumiwa na jopo, akanyongwa. Kabla ya kumnyonga, viongozi wa Plymouth waliomba ushauri wa John Winthrop na wenzake, waliokuwa wamewasili muda mfupi kabla katika koloni jirani la Massachusetts Bay. Serikali ambayo haina shaka na mamlaka yake ya kutoa roho ya mtu haihitaji ushauri wa jirani, na kwangu mimi tukio hilo linaonyesha kwamba pengo lililoonekana melini mwaka 1620 lilikuwa bado halijazibika lote.

Uweke kando ya maafikiano mengine

Ulinganisho husaidia, mradi usiwe mrefu. Baraza la kwanza la wawakilishi katika makoloni ya Waingereza ya Amerika lilikutana Jamestown, Virginia, tarehe 30 Julai 1619, yaani kabla ya Mayflower kusafiri. Tofauti ni kwamba baraza hilo liliitishwa kwa amri ya kampuni. Katika Providence, makazi yaliyoanzishwa na Roger Williams mwaka 1636, waliojiunga waliahidi kutii maamuzi ya walio wengi, lakini katika mambo ya kiraia pekee, kwa hiyo dini ya mtu ikawekwa nje ya mikono ya serikali. Maneno hayo machache hayamo katika mkataba wa Mayflower. Nao watu wa Windsor, Hartford na Wethersfield katika Connecticut waliandika mwezi Januari 1639 amri 11 zinazotaja mikutano miwili ya baraza kila mwaka, namna ya kupiga kura, na katazo la mtu kuwa gavana miaka miwili mfululizo. Mfalme hakutajwa mahali popote. Anayetafuta muundo wa serikali na asome amri hizo, na anayetafuta chanzo cha ukubali wenyewe arudi melini.

Uliza nchi ilikuwa ya nani

Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua nyanda za juu za Kenya zilivyogawiwa walowezi, pengine atauliza swali hili kabla ya mengine yote, na ana haki. Mkataba unazungumza kana kwamba pwani ilikuwa tupu. Mahali walipojenga Plymouth palikuwa kijiji cha Patuxet cha watu wa Wampanoag, kilichofyekwa na maradhi ya kuambukiza kati ya mwaka 1616 na 1619. Tisquantum, aliyewasaidia walowezi kwa ukalimani na kilimo cha mahindi, alikuwa mtu wa Patuxet.

Kwa hiyo soma pia mapatano ya Machi 1621 kati ya walowezi na Massasoit, kiongozi wa Wampanoag, na yasome katika nakala zote mbili. Katika masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1622, Wampanoag wanapokuja Plymouth waache pinde na mishale yao, kama vile Waingereza watakavyoacha bunduki zao wanapokwenda kwao. Katika kumbukumbu za Bradford, sharti la pinde na mishale limebaki na sharti la bunduki halimo. Weka aya hizo mbili kando kwa kando na uwaache wanafunzi waligundue hilo wenyewe.

Kisha ruka hadi Juni 1675. Mahakama ya Plymouth iliwahukumu kifo Wampanoag watatu kwa mauaji ya John Sassamon, Mkristo wa jamii ya wenyeji. Wenyeji sita waliongezwa kando ya jopo la Waingereza 12 kama washauri, lakini sheria, mahakama na kamba ya kunyongea vilikuwa vya koloni, na waliohukumiwa walikuwa watu wa Metacom, mwana wa Massasoit, ambao hakuna aliyewahi kuwaomba waahidi utii kwa jumuiya iliyoundwa melini. Vita vilizuka kabla ya mwezi huo kuisha.